Halima si Kama Wao

Jumapili jioni, Kitale. Mvua imekatika, imetuachia baridi. Nimechoka, lakini sina hasira. Naandika kabla sijaanza kuyapamba yaliyotokea.

Leo mimi na Halima tumemrudisha Mama kwake Mabanga. Alikuwa nami hapa Tuwan tangu avunjike nyonga. Mimi hushinda kazini, kwa hiyo aliyemuuguza hasa ni Halima, jirani yangu anayeuza mahamri karibu na msikiti. Alimwogesha, alimlisha uji, alimshika mkono akijifunza kutembea upya. Ikafika mahali Mama hali chakula mpaka Halima aje. Akawa anamwita mwanangu. Kuna siku niliona wivu.

Mama ametulea akituambia Waislamu si watu wa kukaribisha bomani. Nilidhani Halima ameshayafuta hayo.

Tulikuwa hatujamaliza chai kule Mabanga mwanamke mmoja alipopiga hodi, amejitanda ushungi, mtoto mgongoni. Alitaka kukodi ile nyumba ndogo ya nyuma. Mama alimwambia imeshapata mtu. Haijapata. Mwanamke akashukuru, akaenda zake.

Mama akatugeukia. "Hao watu ukiwapa chumba kimoja, wanaleta ukoo mzima." Halafu akamgusa Halima goti. "Lakini wewe si kama wao, mwanangu."

Halima aliweka kikombe chini. "Mama, hao watu ni mimi."



Baadaye Halima aliinuka, akamletea Mama mkongojo, wakazunguka ua polepole kama kila siku. Mama alitembea akitazama chini. Nadhani alikuwa analia. Sikusogea kuhakikisha.

Mama hana moyo mgumu. Mtoto wa jirani akiugua, yeye hakosi usingizi peke yake, anatukosesha sote. Na anampenda Halima kweli. Nafikiri ndiyo sababu alimtoa kati ya watu wake: apate kuendelea kumpenda, na mengine yote yabaki yalivyokuwa.

Njiani kurudi Halima hakulitaja jambo lile. Alisema tu Mama asiketi kwenye kiti kifupi. Sikujua kama huo ni msamaha au ni kawaida yake.

Sasa hivi Mama amepiga simu. Anauliza kama Halima amefika salama. Nikamwambia amuulize mwenyewe.

Kisha akasema, "Naogopa."

Nimemwambia aogope, lakini apige.