Punje Ulizosema Tumwage

Katandala, nyuma ya mashine ya kusaga,
Sumbawanga.
12 Januari 2025

Mpendwa mdogo wangu Polikarp,

Marahaba kwa shikamoo yako, nimeipokea hata kabla hujaitoa. Habari za Dar es Salaam na joto lake? Shemeji yangu, hapana, nakosea, wifi yangu Anjela hajambo? Watoto je, yule mdogo kifua kimepona? Sisi huku wazima kabisa. Baridi ya Ufipa unaijua, tunaingia kanisani na masweta na kutoka nayo. Mama naye hajambo: anakula, anasali, anagombeza. Namtaja mapema ili usome barua hii ukiwa na moyo mtulivu.

Najua unajiuliza kwa nini dada kaandika barua wakati simu anayo. Nimefanya makusudi. Kwenye simu ungenikatiza. Cleophas anayekuletea barua hii nimemwambia akukabidhi bahasha na aondoke palepale, asisubiri uifungue, maana yeye hana kosa.

Habari yenyewe ni ya zile nyasi zako.

Unakumbuka ulipokuja likizo na lile bunda la nyasi bandia lililobaki kwenye uwanja wa mpira mliokuwa mnautengeneza. Daktari alikuwa amemkataza Mama jembe kwa sababu ya presha na goti, na sisi kila tukigeuka tunamkuta ameinama uani anachimba. Ukasema dawa ni kuufunika udongo wote. Ukatandika nyasi kuanzia mlangoni hadi kwenye ukuta, ukamwaga mchanga, juu yake ukamwaga punje za mpira ili nyasi zisimame, ukapiga picha ukaenda zako. Sifa ulizipata wewe. Mama nilibaki naye mimi.

Mama hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipaswa kuogopa. Alikuwa akikaa kwenye kigoda anaziangalia tu. Siku moja akaniuliza nyasi hizi zikifukiwa kwenye tuta zinaoza baada ya muda gani. Nikamjibu, Mama, hizi hata miaka mia haziozi. Akasema, "Basi si nyasi." Akaingia ndani. Jioni ile ile akatangaza kwamba mvua za kwanza zikinyesha, yeye anarudi Mpui kulima, na atakaa kwenye nyumba ya marehemu baba peke yake.

Nilipokupigia kukueleza, ulichonijibu unakijua. "Dada, ukimwachia akaondoka, mimi na wewe basi." Ukakata simu. Polikarp, ulikuwa umesema kweli, lakini uliniumiza. Kwani nilikuwa nimefurahi? Mpui hakuna wa kumkumbusha dawa. Ile mara aliyoanguka shambani aliokotwa na wapita njia jua likizama. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyokuambia, na kila nilipoona wingu nilikuwa nachungulia kama mfuko wake wa nguo bado uko msumarini.

Sasa turudi kwenye punje. Ulisema zitapungua polepole, labda mwaka wa tatu tutaongeza kidogo. Kwetu ziliisha kwa miezi minane. Ulisahau jambo moja: Mama anafagia ua kila alfajiri. Amefagia tangu hatujazaliwa, na kwake kitu cheusi kilicho juu ya ua ni uchafu. Nilimkataza mpaka nikachoka. Kila siku alisukumia punje zako mtaroni, halafu anajisifu kwamba leo kumetakata. Nyasi zikalala chini zote, zikawa kama nywele za mtu aliyenyeshewa. Mimi mwenyewe niliteleza nikiwa na beseni la vyombo, jirani yetu Salome akacheka hadi akashika ukuta.

Ndipo nikakupigia picha, nawe ukaniletea ule ujumbe. Ninao mpaka leo, sijaufuta, na nitauonyesha hata mbele ya ukoo. Uliandika hivi: "Tafuteni punje ndogo za kahawia, ziwe kavu, zilizopepetwa zisiwe na vumbi. Mwageni kidogo kidogo, sugueni kwa fagio gumu hadi zizame, kisha ongezeni tena." Na picha ya kiganja kimeshika punje za kahawia. Neno mpira hukuliandika. Nimeusoma mara ishirini, mpira haumo.

Haya niambie, mdogo wangu. Wewe ni Mfipa, umekunywa uji huu huu. Punje ndogo za kahawia, kavu, zilizopepetwa, ni kitu gani?

Ni ulezi, Polikarp! Hata ile picha ilikuwa ulezi mtupu. Nilimwonyesha mume wangu Tadei, akavaa miwani, akasema, "Ulezi huu, tena wa Mwimbi." Nilishangaa kidogo, sikatai. Nikajiambia watu wa Dar wana mambo yao, na fundi ni wewe, sisi ni nani? Nikaagiza magunia mawili kwa Alfonsi wa Mwimbi. Aliponiletea akaniuliza tuna sherehe gani, maana kwa ulezi ule pombe ingetosha parokia nzima. Nikamwambia ni wa kumwaga uani. Akanipa pole.

Nilichokuwa naogopa ni Mama. Unajua kwake ulezi ukidondoka chini unaokota punje moja moja, na sisi wote tulishachapwa kwa hilo. Nikamweleza kwa kuzungukazunguka. Akaupokea ule ujumbe, akataka nimsomee mara mbili, akaenda kuchukua ungo. Akapepeta magunia yote mawili kwa mkono wake. Akaniambia, "Mwaga, mwanangu. Mwenye nyasi ndiye kasema."

Mimi nikaona ni baraka ya mzazi. Kumbe!

Tulisugua siku mbili. Ukweli lazima nikupe, zilizama vizuri na nyasi zikasimama wima, ungejivunia. Siku ya tatu wakaja kuku. Si wetu tu, wa Katandala yote. Jogoo wa Salome alihama kabisa, akakataa kurudi kwao, na Salome akaja kunisema kwamba nimemroga. Mama akakaa mlangoni na fimbo kuanzia asubuhi mpaka jioni, anafukuza kuku, akipiga kelele kama msichana. Nilidhani analinda nyasi zako. Nikakupigia simu kukusifia kwamba Mama ameanza kuzipenda.

Katikati ya Novemba mvua ikanyesha. Usiku sikulala, nasikiliza kama mlango utafunguliwa. Asubuhi mfuko wake ulikuwa umeshushwa msumarini, uko kitandani, na kanga zimekunjwa. Nikamwomba, nikalia hata, nikimwambia Mama utaniua. Akasema nisubiri kwanza siku tano, goti linauma. Goti hilo juzi lilikuwa linakimbiza majogoo.

Siku ya tano nikatoka na maji ya kunawa, nikaona nyasi zako zimepata rangi ambayo hazikuwa nayo. Nikainama. Ulezi umeota, Polikarp! Umeota kila mahali, mizizi imepita kwenye yale matundu uliyosema ni ya kupitisha maji. Tadei akatoka na mswaki mdomoni, akaangalia, akasema nyasi bandia zimeshika mimba. Mimi nilikaa chini palepale. Nilijua ua umekwisha, na mimi nimekwisha.

Na Mama? Mama alikuwa amesimama mlangoni anatabasamu. Nikamuuliza, Mama, ulijua? Akaniambia amelima ulezi miaka sitini, kwani nilidhani hajui ukinyeshewa unafanya nini?

Usichane barua, bado kuna mengine.

Mfuko umerudi msumarini. Mama alisema hawezi kuacha ulezi uliokwisha ota, ni dhambi. Akaanza kupalilia. Sasa, ulezi ukiwa mdogo unafanana na nyasi, hilo unalijua, na macho ya Mama nayo ni ya miaka themanini. Alikuwa anang'oa jani moja moja analipeleka puani, lile lisilo na harufu anatupa. Wiki ya kwanza nilimkuta amejaza ndoo nyasi zako. Nikamwambia, Mama, unang'oa mali ya Polikarp. Akanitazama akasema hayo ni magugu, tena magugu ya ajabu, hayana mizizi. Alivyochoka kuchagua akaja na kisu cha jikoni akakata vipande, akavikunja. Upande wa ukutani hauna nyasi tena. Kipande kimoja amemgawia Salome akatandika bandani kwa kuku, na kweli jogoo amerudi kwao.

Juzi nilimpeleka kliniki. Muuguzi alipima presha mara mbili, akidhani kifaa kimeharibika. Imeshuka. Akamuuliza bibi siku hizi anafanya nini. Mama akamjibu kwa heshima zote, "Napumzika, kama mlivyosema." Nami nilinyamaza. Umpigie daktari wewe ukitaka.

Kwa hiyo nakuomba radhi kwa nyasi, mdogo wangu. Najua ulizibeba kwa upendo, na ulitoka nazo mbali. Najua pia ulitaka Mama asiumie, nami nilitaka hivyo hivyo, na wote wawili tulikuwa tunamuua kwa kigoda. Ukikasirika kasirika, lakini magunia ya punje za mpira uliyosema utatuma na basi, usitume. Hatuna pa kuyamwaga.

Jambo la mwisho. Jana Mama alimtuma Tadei Mpui kwa bodaboda. Sikujua anafuata nini, nikadhani amebadilisha mawazo anataka kwenda kuiangalia nyumba. Tadei akarudi jioni na jembe la Mama mgongoni, limefungwa kanga. Nikamuuliza Mama, sasa ukienda Mpui utalimia nini? Akasema, "Mpui nikafanye nini? Shamba langu liko hapa." Polikarp, nilitoka nje nikalia tena, ila safari hii kwa furaha. Mama amehamia kwetu.

Msalimie Anjela, watoto, na mjomba Maximilian mkionana. Tadei anakusalimu, Salome pia pamoja na jogoo wake. Mama anakubariki, anasema Mungu akuzidishie kazi, na anauliza upande wa mlangoni utakuja lini kuukunja, maana mbegu zimebaki debe moja.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinuna,
Stefania