Kilo Sitini za Mtoto wa Miaka Minne

Mpendwa Anti Ibinabo, sijawahi kumfungulia mtu wa gazeti moyo wangu, ila nisaidie kabla Ijumaa haijafika.

Mimi natengeneza programu za kompyuta hapa Port Harcourt, na katika fani yetu jina langu limejengwa na mdomo, kila Jumapili naandika maoni yangu kuhusu zana za kazi, nawacheka wanaobadilisha zana kila mwezi kama sare za harusi, na hasa nawasema wanaoiachia akili bandia iwaandikie programu, nimewaita wapishi wasioonja mchuzi, watu wakapiga makofi, lakini Anti, tangu Februari mimi mwenyewe naitumia kwa siri maana kazi zimenizidi, na ndiyo iliyoandika kipande cha programu ya kliniki moja, kinachokokotoa kipimo cha dawa kwa uzito wa mgonjwa, nami sikukisoma chote. Kumbe muuguzi asipojaza uzito, programu inajijazia kilo sitini. Mtoto wa miaka minne kachomwa sindano za kipimo cha mtu mzima siku tatu. Yu hai, ila hasikii tena.

Kwetu kazi haiendi kwa mteja kabla mwenzako hajaisoma na kuipitisha. Yangu ilipitishwa na Ebiere, dada mwenye mwaka mmoja tu kazini, kwa dakika moja. Bosi alimuuliza mbele yetu, "Ulisoma au hukusoma?"

"Oga, mkubwa wangu, ni kazi ya huyu aliyenifundisha. Ningekagua nini?"

"Huyu alichoka, binadamu. Wewe ndiye uliyekuwa macho yake."

Nikatazama meza. Kipande kikarekebishwa, na Ijumaa Ebiere anafukuzwa. Jana kaniletea ndizi za kuchoma na samaki, akasema, "Oga, nisamehe, nimekuchafulia jina," nami nikazila, Anti, nikazila zote. Jumamosi nimealikwa kuhutubia juu ya hatari za akili bandia. Nikisema ukweli nimekwisha. Je, nimtafutie Ebiere kazi kwingine, kimyakimya?

Mwenye Aibu, Port Harcourt

*

Wewe uliyekula ndizi,

Pole yangu naanza kumpa yule mtoto, kisha mama yake, kisha Ebiere. Yako ni kidogo iliyobaki, ipokee.

Ebiere alikosea, angesoma. Lakini kosa lake ni la dakika moja, na wewe unamtwisha la miezi. Kumtafutia kazi kwingine ni kumnunua, tena kwa bei ya chini. Usithubutu. Nenda kwa bosi, Ebiere akiwepo, useme nani aliandika na nani hakusoma. Utafukuzwa wewe, huenda na mahakamani ukafika. Jumamosi usihutubie mtu.

Sasa jambo ambalo hukuuliza, na limeninyima raha tangu nisome barua yako. Unasema "tangu Februari". Bosi wako anajua kipande kimoja tu. Vingine vyote ulivyoandikiwa na akili bandia viko kliniki gani, vinapima nini, nani alivisoma? Ebiere akitoka Ijumaa, watadhani kosa limetoka naye, na anayejua vinginevyo ni wewe peke yako.

Sikungoja siku ya kuchapisha. Nimepiga mara nne ile namba uliyoacha chini ya barua, inaita tu. Pokea simu, mwanangu. Kuna watoto wanachomwa sindano asubuhi hii.

Anti Ibinabo