Nyayo Zilizosimama Keddie

Kibanda cha Keddie,
Jumapili, 19 Oktoba

Wifi yangu mpendwa Pania,

Salamu nyingi kutoka huku milimani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama yako, na kwamba goti lake limepata nafuu tangu baridi ipungue. Kondoo je, wameanza kuzaa? Mimi ni mzima. Pua imebabuka kwa jua la kwenye theluji na mapaja yananiuma hata kukaa ni kazi, lakini nakula vizuri na sijavunjika popote.

Nilikuaga kwamba naenda Dunedin kumtazama rafiki. Haikuwa kweli, unisamehe. Nimekuja kujifunza kupanda mlima wenye theluji, mimi Nola, niliyekuwa naogopa hata ngazi ya ghalani. Tuko wanafunzi wanne na mwalimu wetu Ruihi, mama wa miaka sitini mwenye sauti ya kuita mbwa aliye ng'ambo ya bonde.

Siku ya kwanza alitufundisha kuchimba ngazi kwa ncha ya kiatu. Alikuwa akipaza sauti, "Piga teke! Mlango umekwama huo, piga!" Kisha akatufundisha kuanguka. Unajiachia makusudi mtelemkoni, unajigeuza kifudifudi, halafu unalalia shoka la barafu kwa kifua mpaka lishike. Mara tatu nilipitiliza mpaka chini. Dougal, mwoka mikate wa Oamaru, akanitania kwamba nashuka kama gunia la unga lililokosa mwenyewe. Mara ya nne shoka lilishika. Nililala pale nikalia, wao wakapiga makofi wakidhani ni furaha.

Jana baada ya chai ya asubuhi tulipanda kuelekea mgongo wa mlima. Hapakuwa na upepo. Hata mto hatukuusikia tena. Tulipolipita jabali la mwisho tukaziona nyayo.

Hazikuwa zimezama, Pania. Zilikuwa zimesimama. Mtu akikanyaga theluji, theluji ya pale alipokanyaga hushindiliwa ikawa ngumu, na majira haya jua na upepo huila ile laini ya pembeni, ngumu ikabaki. Basi zilisimama juu ya theluji kama vigoda, moja baada ya nyingine, kupanda mpaka tusikoweza kuona. Dougal akasema, "Jamani, huyu alikuwa anatembea hewani!" Ruihi alichuchumaa, akaugusa mmoja, akasema ni nyayo za kipupwe, zilifunikwa na sasa zinafichuka. Kisha akauliza taratibu, "Na za kurudi ziko wapi?"

Wenzangu walitafuta huku na huku. Hapakuwa na za kurudi. Mimi sikutafuta. Wayo wa kushoto ulikuwa umeelekea nje, na upande wa kulia palikuwa na alama ya fimbo kila hatua ya pili. Mguu ule unaujua. Wewe ndiwe uliyeufunga bandeji siku trekta lilipomwangukia.

Tukazifuata. Ruihi alitukataza kuzikanyaga, tukapita kando yake. Ukungu ukashuka, nikawa namwona Ruihi tu mbele yangu. Hapo ndipo niliposikia kiatu kikipiga theluji mbele ya Ruihi. Niliposimama, naye Ruihi akasimama, kile kiatu kilipiga mara moja zaidi ndipo kikanyamaza. Nilidhani ni masikio yangu. Lakini Dougal, aliyekuwa nyuma yangu, akauliza, "Nani yuko mbele?" Ruihi akajibu, "Mbele niko mimi," na sauti yake ya kuita mbwa haikuwepo. Tukaendelea kupanda.

Juu kabisa nyayo zilikwenda mpaka ukingoni. Ule wa mwisho ulikuwa nusu. Kisigino kilikuwepo, vidole vilikwenda na theluji iliyomeguka. Ruihi akatuamuru turudi nyuma. Nikamwambia lazima nione. Alinitazama sana, akanifunga kamba, akanilaza kifudifudi, nikatambaa mpaka ukingoni. Ukungu ulifunguka kidogo. Chini kabisa kasuku watatu wa milimani walikuwa wanavutana na kitu chekundu, wakipiga kelele kama watoto wanaotekenywa. Ni ule mfuko wake wa mgongoni.

Ruihi akaniuliza kama namjua. Nikamwambia ni kaka yangu Murdoch, aliyepotea Agosti.

Sasa, wifi yangu, lile lililonileta. Ijumaa ile ya Agosti, ulipokuwa kwa mama yako, Murdoch alinipigia simu. Nilikuwa namwogesha mbwa, nikawa naitikia tu haya, haya. Polisi waliponiuliza alikwenda wapi, nilisema Bonde la Teal bila kusita, kwa sababu kila mwaka alikwenda huko. Siku ya tatu ya msako maneno yake yakanirudia yote: "Nakwenda Keddie, Nola. Teal nimeichoka." Nilishika simu niwaambie. Wewe ulikuwa unawagawia supu wale watu arobaini waliotoka kumtafuta Teal wamelowa. Ukanikumbatia, ukasema, "Bila wewe tusingejua hata pa kuanzia." Nikaiweka simu chini.

Kila siku iliyofuata kusema kulikuwa kugumu kuliko jana yake. Nikaona afadhali nijifunze, nije kumtafuta mwenyewe. Ruihi anasema kwa anguko lile hakuishi hata saa moja. Huenda ananihurumia. Sikuandikii ili nawe unihurumie.

Polisi tumewaambia leo kwa redio ya kibanda. Helikopta itapanda Alhamisi hali ya hewa ikiruhusu, na wanataka mtu wa nyumbani awepo. Dougal anashuka jioni hii na ataileta barua hii mpaka mlangoni kwako, maana sikutaka ulisikie kwenye simu. Jumatano saa nne asubuhi nitakuwa nje ya nyumba yako na gari. Sitapiga honi wala kubisha hodi. Ukitoka, tutakwenda pamoja kumchukua. Usipotoka, nitasubiri mpaka saa sita, ndipo niende peke yangu.

Msalimie mama yako. Mwambie wewe mwenyewe, au niachie mimi nimwambie.

Wifi yako,
Nola