Picha na PDF Tu

Jumatatu, 15 Septemba

Nimefika ofisini kabla ya mfagiaji. Nimefungua dawati la msaada la ofisi ya maji kwenye kompyuta. Bomba limepasuka karibu na soko. Mita ya mtu imesimama. Halafu sauti ya Mzee Rama, mwangalizi wa pampu ya maji kule Munje.

"Asalaam aleikum, mwanangu Mishi. Mashine imeamka salama."

Herufi za Kurani anazijua, hizi zetu hazijui. Kwa hiyo kila asubuhi hurekodi taarifa yake kwenye simu na kuiambatisha. Hatujaonana hata siku moja. Nimemsikiliza mara mbili. Nimemjibu kama kawaida: Imepokelewa.

Tangu mwenzangu Salma ahamishiwe Kwale, dawati ni langu peke yangu.

Jumanne, 16 Septemba

Mtu wa makao makuu amefungua faili alilotumiwa kama ripoti. Lilikuwa na virusi. Kompyuta kadhaa zimezima. Mkuu wangu, Bwana Mutua, akapiga simu. Kuanzia leo watu waambatishe picha na PDF tu. Mengine yote mfumo uyakatae.

"Kuna mtu hutuma kitu kingine?" akauliza.

Nilimkumbuka Mzee Rama. Nikasema hakuna.

Niliona haya. Ningemwelezaje? Kwamba mwanamke wa miaka arobaini na mmoja hungoja salamu za mtu asiyemjua sura? Nikachagua aina hizo mbili za faili, nikahifadhi. Kazi ya dakika moja.

Alhamisi, 18 Septemba

Siku ya pili bila sauti. Dawati safi. Bwana Mutua amenisifu.

Leo hakuna aliyeniita kwa jina. Mfagiaji huniita madam. Muuza mihogo huniita dada. Nimekula wali wa jana, baridi, kwenye sufuria.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimefua. Nimelala mchana. Jirani zangu wamepata wageni, vicheko vinapita ukutani.

Namba ya Mzee Rama iko kwenye mfumo. Nimeitazama. Sikupiga. Mimi ni nani kwake?

Nimejiambia labda atamwomba mtu amwandikie taarifa, kisha aipige picha. Najua najidanganya.

Jumatatu, 22 Septemba

Muuguzi wa zahanati ya Munje amepiga simu. Amesema kwa upole, ndiyo maana ikauma zaidi. Maji hayajatoka tangu Alhamisi. Kina mama wanaokuja kujifungua wanakuja na madumu yao.

"Lakini Mzee Rama anasema amewaarifu kila siku," akasema.

Nimefungua orodha ya ujumbe uliokataliwa. Sikuwa nimeifungua tangu Jumanne. Wote umetoka kwa mtu mmoja. Alfajiri, adhuhuri, alasiri. Mfumo umeweka saa na jina la faili. Sauti zenyewe haukuziweka. Alichosema siku zote hizo kimepotea.

Nimempigia Bwana Mutua. Nimemwambia nilijua kuna mtu hutuma sauti.

"Sasa mbona ukasema hakuna?"

Nikamwambia Munje haina maji tangu Alhamisi. Akasema fundi ataondoka asubuhi. Nikaomba niende naye.

Jumanne, 23 Septemba

Munje. Mzee Rama ni mfupi kuliko sauti yake. Kofia ya kiua iliyodariziwa, miwani iliyofungwa uzi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akauliza mimi ni nani. Nikamwambia.

Akatoa simu. Chini ya kila ujumbe, mstari mwekundu wa Kiingereza: umekataliwa.

"Hii nikadhani ni mtandao. Siku ya nne nikadhani umenichoka."

Nikamwambia kweli. Mtandao ulikuwa mzima. Mimi ndiye niliyefunga, na nilijua nikifunga nitamfungia yeye. Akaigeukia pampu.

"Watu walikuja mlangoni kwangu wakaniita mwongo," akasema. "Miaka yote hii sijaitwa mwongo."

Nilimwomba radhi. Akasema Mungu ndiye msamehevu. Sijui kama hilo ni ndiyo.

Mota ilikuwa imeungua. Fundi amefunga nyingine. Maji yalipotoka nilikwenda zahanati nikamwambia muuguzi, na waliokuwa kwenye foleni, kwamba kosa lilikuwa la ofisi. Kwamba mzee aliarifu. Mama mmoja akaniuliza jina langu. Nikalitaja lote.

Jumatano, 24 Septemba

Nimeandika barua, Bwana Mutua amekubali. Kutoka kwa waangalizi wa pampu mfumo utapokea sauti pia, fupi, zikishachunguzwa virusi. Chochote kinachokataliwa nitaarifiwa papo hapo. Amenipa onyo kwa maandishi. Nimelitia sahihi. Ni haki.

Ijumaa, 26 Septemba

Hakuna kitu kutoka Munje. Nimeangalia orodha ya ujumbe uliokataliwa mara nne. Tupu. Hajatuma.

Jumatatu, 29 Septemba

Sauti yake imekuja. "Munje. Mashine inafanya kazi. Maji yanatoka." Basi, bila salamu.

Nimeandika Imepokelewa, nikaifuta. Nimebonyeza kinasa sauti. Nimemwamkia. Nikamwambia huku kwetu kumenyesha tangu alfajiri, si mvua kubwa, na kwamba mfagiaji amechelewa, nipo peke yangu ofisini. Nikatuma.

Kisha nimeshughulikia bomba lililopasuka Ukunda.