Bangili za Masomo

Baba Rahma wangu,

Nimerudi jana kutoka Malaysia na miguu imenivimba, lakini sitalala mpaka nikwambie. Mwanao amehitimu. Mfamasia kamili, na kofia juu! Najua ungenambia, "Taratibu, Mama Rahma, anza mwanzo." Haya, naanza mwanzo, maana leo nna raha ya kuhadithia.

Unakumbuka kaka yangu Salum alipokuja kututembelea kutoka Kanada, Rahma akiwa hajaanza hata shule? Tulikaa sebuleni kwetu Ansab, hapa Maskati, akatueleza kwamba huko kwao mzazi anaweza kumwekea mtoto pesa za chuo, na serikali haitii mkono kwenye faida yake mpaka siku mtoto atakapoanza kusoma. Wewe ulicheka mpaka kahawa ikakumwagikia. Ukamwambia, "Sisi hapa mshahara haukatwi kodi hata baisa moja, shemegi. Kodi yetu ina miguu. Inakuja yenyewe, inapiga hodi, na kahawa tunaipa!"

Kweli tupu. Pesa yako ya bandarini ilikuwa haijakaa, mara huyu ana harusi, mara yule kafiwa, na wewe moyo wako haukujua kusema hapana. Lakini maneno ya Salum yalikuingia. Ukaanza kupita kwa sonara wa Matrah kila ulipopata bahashishi ya mwaka, unarudi na bangili. "Pesa huombwa," uliniambia, "dhahabu nani ataiomba?"

Mtu mzima mwenye akili zako, uliyezaliwa katika watu wetu, ukasema vile! Na mimi nikakubali! Nikazivaa zote kwenye harusi ya jirani, mikono inalia njia nzima, na wifi yangu Zuwena, dada yako, akaziona. Haikupita wiki akaja kuomba aziazime baada ya Idi kwa ajili ya binti yake anayeolewa. Na harusi zetu tunazijua: dhahabu ikishatoka kwa bibi harusi mmoja inakwenda kwa mwengine, na kumkatalia dada ni kujitafutia maneno ya ukoo mzima. Siku ile ulizitoa kabatini ukazihesabu mpaka Magharibi. Nilikuonea huruma, nikajisemea, basi tena, chuo cha Rahma kimekwenda harusini.

Sikukujua bado. Siku ya pili ya Idi, watu wamejaa, sinia la shuwa, nyama yetu ya kuoka shimoni, limeletwa, ukamwita Rahma mbele ya wote. Alikuwa na mafuta mpaka viwikoni. Ukamtaka kwanza akanawe, kisha ukamtilia boksi la bangili mikononi. Ukasema, "Hii ni hiba yangu kwa mwanangu, ya masomo yake. Si yangu tena. Na mali ya mtoto mdogo haiazimwi, hata mimi siwezi kuigusa. Nyinyi nyote mashahidi."

Zuwena akaweka tonge chini. "Kaka, umenifungia mlango."

"Nimejifungia na mimi, dada'angu."

Alinuna, lakini ulimlipia jukwaa la bibi harusi kutoka mshahara wako, na siku ya harusi alicheza kuliko sote.

Na kweli ulijifungia. Kiyoyozi cha gari kilipokufa, tulikwenda na kurudi madirisha wazi kwenye joto la Maskati, unafika kazini kanzu imeganda mgongoni. Wenzako walijenga nyumba zao Mabela, sisi tukabaki na nyumba ya kukodi. Nilipokutania kwamba bangili mbili tu zingetosha kiyoyozi, ulinijibu, "Muombe mwenyewe ruhusa," naye mwenyewe alikuwa darasa la tano. Juu ya hayo, kila Ramadhani ukizitolea zaka kutoka mfuko wako. Nilikwambia unalipia mali isiyokuwa yako. Ukasema ile siyo kodi, ile ni haki ya maskini, na mtoto asije akasoma kwa mali isiyo safi. Sikuwahi kukwambia nilivyojivunia jibu lile. Nakwambia leo.

Mwaka aliofaulu kwenda chuo Malaysia ulimpeleka Matrah mwenyewe, ukamwacha azungumze na sonara, wewe umesimama mlangoni. Aliuza zile za ada ya mwaka wa kwanza tu, akatoka analia. Wewe ulikuwa unacheka, lakini macho yako niliyaona.

Kisha ukatuacha, naye yuko mwaka wa pili.

Nilikuwa edani, nyuma ya mlango, wanaume wako majlisi wanahesabu ulichoacha ili kila mrithi apate haki yake. Mtoto ni mmoja, tena wa kike, kwa hiyo fungu la ndugu zako lilikuwepo, na sheria ni sheria. Nikamsikia mmoja wao anauliza, "Na ile dhahabu ya kabatini?" Bila zile bangili, Rahma alikuwa anarudi nyumbani bila cheti. Kabla sijafungua mdomo, Zuwena, ambaye naye ni mrithi wako, alikwenda akasimama mlangoni pa majlisi.

"Ile haimo," akasema. "Ya Rahma ile. Kaka alimpa mbele yangu siku ya Idi, na mimi n'nanuna. Anayetaka kuigawa anigawe mimi kwanza."

Wakaendelea na hesabu nyingine. Baadaye akaja kukaa na mimi, tukalia pamoja mpaka tukachoka. Nampenda dada yako, Baba Rahma. Nilitaka ulijue hilo.

Basi juzi nilikaa katika ukumbi mkubwa, baridi imenipiga, nimezungukwa na watu nisiojua lugha yao. Wakawa wanaita majina. Mara nikasikia, kwa kipaza sauti, Rahma binti Khalfan bin Seif. Wamekuita, bwana! Wamekuita na baba yako, mbele ya watu wote wale, wala hawakulikosea hata jina moja. Nikasimama nikapiga kigelegele. Ukumbi mzima ukanigeukia. Mwanao akanitazama kutoka juu kule, akaona aibu kidogo, kisha na yeye akapiga.

Mola akunawirishie ulipo.

Mkeo,
Mama Rahma