Mashine Isiyosikia

Kristiania, 4 Machi 1923

Kwa Baba Mkubwa Torleiv,

Shikamoo. Natumaini hujambo na mguu umepona. Sisi hatujambo.

Kile kitabu cha kuchekesha alichoandika Baba, kuhusu mkulima bahili anayefungia jibini kabatini, kinatengenezewa filamu. Najua mkulima yule ni wewe, na kwamba kwa sababu ya kitabu hicho wewe na Baba hamjazungumza miaka mitatu. Watu wa filamu wanatafuta shamba huko kwenu. Tafadhali wapokee. Baba hajui kama nimekuandikia, lakini posta ikija, hutazama kwanza kama kuna mwandiko wako.

Mwanao,
Borghild

Valdres, 20 Machi

Mwanangu Borghild,

Mguu mzima, ulimi mzima zaidi. Baba yako kanicheka kurasa mia mbili, sasa anataka nchi nzima inicheke? Haya, waje. Lakini wakiacha lango wazi mbuzi wangu watoke, watanijua!

Baba yako Mkubwa,
Torleiv

Valdres, 2 Julai

Mwanangu,

Tu wazima, mbuzi pia. Wamekuja. Mwigizaji wao wa mjini alibeba jibini kama mtoto wa kuazima. Nikamwambia, "Wewe bwana! Bahili hubeba mali yake hivyo?" Msimamizi akacheka: "Basi tuonyeshe wewe, mzee." Nikauliza niseme nini. "Lolote. Mashine huchukua picha tu, haisikii."

Basi nikasema.

Baba yako Mkubwa,
Torleiv

Kristiania, 11 Novemba

Baba Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Sote hatujambo.

Jana tuliiona filamu. Ulipotokea na jibini kwapani, ukipayuka, hata mpiga piano wa ukumbini alishindwa kupiga kwa kicheko. Yakafuata maandishi kwenye pazia: "Nani amenusa jibini langu?" Ukumbi ukalipuka.

Baba peke yake hakucheka. Alisogea hadi ukingoni mwa kiti. Bibi alifariki kabla sijazaliwa. Sikujua kwamba alikuwa kiziwi aliyezungumza kwa midomo bila sauti, na kwamba wewe na Baba mlijua kusoma midomo kabla ya kusoma vitabu. Baba alinunua tikiti tena, tukarudia. Ndipo akaniambia ulichokuwa ukimwambia: "Eilert, ungeniuliza kwanza, ningekupa vituko vya kuchekesha kuliko hivyo."

Nikakiri habari ya barua. Hakunigombeza. Aliuliza tu treni inaondoka saa ngapi.

Mwanao,
Borghild

Valdres, 14 Novemba

Mwanangu Borghild,

Baba yako kafika salama, viatu vyake vya mjini vimelowa chapachapa. Tuko jikoni tangu asubuhi. Mimi nasimulia vituko, yeye anaandika, nami kila mara namwambia, "Soma kwanza nisikie." Kile cha mchungaji wa kanisa na mbuzi nimemkataza kukiandika. Anacheka hadi kalamu inamtoka mkononi.

Usimngoje Jumapili hii.

Baba yako Mkubwa,
Torleiv