Alama za Ardith

Choteau, Montana
3 Septemba 1986

Shemeji Wendell,

Hujambo wewe na hicho kifua chako? Mimi mzima kama fahali. Ile bunduki ya marehemu dada yako, ile ya kukoki kwa kushusha mkono wa chini, ilikwama. Nimeitengeneza mwenyewe juu ya meza ya jikoni, bila kumbembeleza fundi mwenye maringo kama wewe.

Haya, nimedanganya. Kuifungua nimeifungua, kuifunga imenishinda. Skrubu moja imerukia nyuma ya jiko, na ule mkono unaning'inia kama taya la farasi mzee. Nikaipeleka kwa kijana wa duka la bunduki. Ati, "Babu, tutaipiga msasa na vanishi, itang'aa kama mpya." Msasa! Nikamwambia akaupige upara wa baba yake. Zile alama za kisu kwenye kitako, kila kulungu na alama yake, si unazijua? Zake nilikata mimi, zangu alikata yeye, maana kwetu aliyepiga hajikatii. Kazi ya mkono wa Ardith imebaki hapo tu.

Msimu wa kuwinda unafunguliwa mwisho wa Oktoba. Nataka kutoka nayo mara moja tena kabla macho hayajaniaga. Sikupendi, ila wewe hutatia msasa.

Shemeji yako,
Orrin

Lewistown
15 Septemba

Orrin,

Salamu zimefika. Kifua changu kiache. Tangu tumzike Ardith hujaniandikia hata neno, leo umenikumbuka kwa ajili ya skrubu. Mpe dereva wa lori la maziwa aniletee. Usiiguse, hata kuifuta vumbi. Na useme kweli: ulikuwa unaipaka mafuta gani?

Shemeji,
Wendell

Choteau
20 Septemba

Shemeji,

Mimi sijambo, sijui wewe. Mafuta ya bunduki, ya dukani. Umekuwa polisi lini?

Orrin

Lewistown
12 Oktoba

Orrin,

Goti langu linauma, asante kwa kutouliza.

Hakuna kilichovunjika. Ndani nimekuta mafuta ya nguruwe yaliyoganda kama gundi, na kipande cha nyama iliyoungua. Mzee mzima unapaka bunduki mafuta ya kikaango! Na kuna jambo hulijui. Kila vuli Ardith alipokuja kunitembelea, alikuja nayo ndani ya blanketi, tukausafisha pamoja huo uchafu wako. Alinikataza kukwambia, alisema ungenuna. Unadhani kwa nini haikukwama hata mara moja alipokuwa hai?

Skrubu nimeweka. Alama sijazigusa. Usinishukuru, mwandiko wako unaumiza macho.

Wendell

Choteau
2 Novemba

Shemeji Wendell,

Goti lako linaendeleaje? Nimeuliza, umeridhika?

Nyama ya nguruwe ilikuwa yangu. Barua yako niliisoma, nikanuna siku nzima, kama alivyosema.

Nimempata kulungu dume, kule juu kwenye misonobari. Mkono wa bunduki ulishuka na kupanda laini, hadi nikageuka kumwambia mtu. Hapakuwa na mtu.

Sasa kitako kiko mezani na kisu kiko kando, nami siruhusiwi. Unakumbuka nilivyokupandishia jiko la chuma hadi ghorofani, wewe ukishika mlango na kutoa amri? Fadhila ile hujanilipa. Njoo Jumapili unikatie alama moja, chini ya ile ya mwisho. Ndogo tu, usijifanye msanii. Ini nimekuwekea. Ile supu yako iache hukohuko.

Shemeji yako,
Orrin